TUMBO JOTO, MOYO MZITO
Vyakula vya kuchacha vina nafasi gani katika utulivu wa nafsi?

Mtu atokaye Arua kwenda Koboko, mwendo wa yapata kilomita 55 kwa barabara ya lami, hukutana na madumu kabla ya kukutana na maduka. Kandokando ya njia, chini ya miembe, akina mama huketi na kwete yao, vikombe vimefunikwa kwa kitambaa, na wateja huja mmoja mmoja: mwendesha bodaboda, mkulima atokaye shambani, askari aliyemaliza zamu. Ukiingia uani kwa watu utakuta muhogo uliomenywa umerundikwa na kufunikwa ili uchache, kisha uanikwe na kutwangwa uwe unga wa enya. Nyumbani kwa Wanubi, na kwa ndugu zetu waliokimbia vita kutoka Sudan Kusini, utakuta rojo la unga wa mtama likingoja kuchacha ili lipikwe kisra. Na penye ng'ombe hapakosi chombo cha maziwa ya mgando.

Harufu hiyo ya uchachu ndiyo harufu ya nyumbani kwetu West Nile. Tumekua nayo, wala hatukuifikiria sana. Lakini siku hizi imeenea habari kwamba vyakula vya namna hii, mbali na kujenga mwili, huweza pia kuondoa huzuni, hofu na mawazo mengi. Wengine hudai kwamba mtu akinywa maziwa ya mgando kila siku hatahitaji daktari wa akili.

Ndugu msomaji, habari hiyo ina ukweli ndani yake, na pia ina hatari. Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe niliisoma, nikaiamini upesi mno, na nusura imdhuru jirani yangu.

KISA CHA JIRANI

Mimi ni mtumishi wa Serikali. Kabla ya kuingia ofisini nilipata cheti cha ualimu na kufundisha shule ya msingi, na hadi leo majirani huniita Mwalimu. Jina hilo lina heshima yake, lakini lina mzigo pia: watu hukuuliza mambo, nawe waona haya kusema hujui.

Miaka michache iliyopita jirani yangu mmoja, mke wa askari, alijifungua mtoto wake wa tatu wakati mumewe yuko kazini Somalia, ambako Uganda ilianza kupeleka askari mwaka 2007. Mwanzoni alikuwa mzima. Baada ya majuma kadhaa nikaona uso wake umebadilika. Nguo za mtoto zilianikwa, zikasahauliwa kambani hata mvua ikazinyeshea. Siku moja akaniambia:

"Mwalimu, silali. Mtoto akilala, mimi nabaki macho. Chakula nakiona kama udongo, na tumbo langu limevurugika siku zote."

Nikamsikia aliposema tumbo. Yale mengine sikuyasikia. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Dada, tumbo ndilo linalokusumbua. Kunywa maziwa ya mgando kila asubuhi, na uji uliochacha jioni. Tumbo likitulia, moyo nao utatulia."

Akafanya kama nilivyomwambia. Nami nilikuwa nikimpelekea maziwa hayo kwa mkono wangu. Zikapita wiki tatu. Siku moja jioni aliniketisha mlangoni pake akasema maneno ambayo sitayasahau:

"Mwalimu, tumbo limepona. Lakini mimi mwenyewe bado. Jana nilimtazama mtoto nikaona ni heri alelewe na mtu mwingine, mimi niondoke duniani."

Usiku ule hatukumwacha peke yake. Asubuhi tulimpeleka hospitali, na huko ikajulikana kwamba ana maradhi ya huzuni ambayo huwapata wanawake wengi baada ya kujifungua, nayo yana matibabu. Alitibiwa, akapona. Leo mtoto yule anakimbia uani. Lakini zile wiki tatu ni deni langu, na makala haya ni sehemu ya kulilipa.

LUGHA YETU ILITANGULIA

Kwamba tumbo na moyo vina uhusiano, hilo wazee wetu walilijua zamani. Mtu mwenye wasiwasi twasema yu tumbo joto. Wahenga walisema shibe mwanamalevya, njaa mwanamalegeza, yaani shibe humlevya mtu, na njaa humlegeza. Askari yeyote aliyewahi kungoja amri usiku wa kwanza wa mapigano ajua namna tumbo linavyokataa chakula na kutafuta choo, ingawa hakula kitu kibaya.

Sayansi imekuja kueleza njia ambayo habari hizo hupita. Kuna mshipa mrefu wa fahamu uitwao vagasi, utokao kwenye ubongo ukapita shingoni na kifuani mpaka tumboni. Mtu angedhani kazi yake ni kupeleka amri kutoka juu kwenda chini tu. Kumbe nyuzi zake nyingi hufanya kazi kinyume: hupeleka taarifa kutoka tumboni kwenda juu, kama simu ya upepo ya kituo cha mbele inavyoripoti makao makuu.

Na huko chini kuna nani wa kutoa ripoti? Ndani ya utumbo wa kila mtu wamo bakteria kwa matrilioni. Baadhi yao huleta maradhi, lakini wengi hawana ubaya, na wengine ni rafiki wakubwa: hutusaidia kuyeyusha chakula, hutengeneza vitamini kadhaa, na huzikalia nafasi ambazo vijidudu vibaya vingezivamia. Ni kama askari wa ulinzi ambao, kwa kuwapo tu katika vituo vyao, humnyima adui pa kutua. Vyakula vilivyochacha ambavyo havijapikwa tena huwa na bakteria hai wa jamii hizo rafiki.

Tena kuna jambo ambalo watu hupenda sana kulitaja. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali ambayo katika ubongo ina kazi katika hali ya moyo na usingizi, hutengenezwa tumboni. Wengi hufika hapo wakapiga shangwe: kumbe furaha yatoka tumboni! La hasha. Serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo. Ubongo hujitengenezea ya kwake. Uhusiano upo, lakini si rahisi kama kumwaga maji kutoka mtungi huu kwenda mtungi ule.

FIKIRA YA ZAMANI

Fikira hii si mpya. Mwaka 1907 mtaalamu Élie Metchnikoff, aliyezaliwa katika dola ya Urusi na kufanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alitoa kitabu alichosifia maziwa yaliyochacha kuwa yanarefusha maisha, akiwatolea mfano wakulima wa Bulgaria. Mwaka uliofuata alipata tuzo ya Nobel kwa kazi yake nyingine kuhusu kinga ya mwili. Wazungu wakaanza kunywa maziwa ya mgando, jambo ambalo wafugaji wa Afrika walikuwa wamelifanya tangu enzi za mababu.

Mwaka 1910 daktari George Porter Phillips wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bethlem, London, aliandika kwamba aliwapa wagonjwa 18 wenye huzuni kubwa bakteria wa kuchachusha maziwa. Kumi na mmoja walipona na wawili walipata nafuu. Habari njema kabisa! Lakini mwalimu yeyote wa darasa la saba angeuliza: je, wangapi wangepona hata bila maziwa? Hakuwapo wagonjwa wengine wa kulinganisha nao. Huzuni nyingine huondoka yenyewe kwa muda, na mgonjwa anayehudumiwa kwa upole kila siku hupata nafuu kwa upole huo. Bila kulinganisha, hatuwezi kujua sifa ni ya maziwa au ni ya mkono uliyoyaleta.

PANYA WALIFURAHI, WATU JE?

Katika miaka hii yetu watafiti wamelinganisha. Mwaka 2011 watafiti wa Ireland na Kanada waliwapa panya bakteria wa namna moja ya jamii ya laktobasilasi. Panya hao wakawa na hofu kidogo kuliko wenzao walipotiwa katika majaribu. Na panya waliokatwa ule mshipa wa vagasi hawakupata faida hiyo. Simu ilikuwa imekatwa, ripoti haikufika. Dunia nzima ilishangaa.

Lakini mtu si panya. Mwaka 2017 wataalamu wa Ireland walitangaza matokeo ya kuwapa wanaume wazima 29 bakteria wale wale. Hofu yao haikupungua kuliko walipopewa kidonge kitupu. Mwaka huo huo huko New Zealand watu 79 wenye moyo mzito waligawanywa: wengine walipewa bakteria wa aina mbili, wengine unga usio na kitu. Baada ya wiki nane makundi hayo hayakutofautiana.

Je, basi tuitupe habari yote? Hapana. Mwaka 2022 watafiti wa mji wa Cork, Ireland, walitoa matokeo ya watu 45. Baadhi yao walibadilishiwa chakula kizima kwa wiki nne: nafaka zisizokobolewa, kunde na maharage, mboga, matunda, pamoja na vyakula vya kuchacha. Walioshika mpango huo walisema wamepungukiwa na msongo wa mawazo, na walioushika kwa bidii zaidi walipata faida zaidi. Mwaka 2017 huko Australia watu 67 wenye maradhi ya huzuni walijaribiwa kwa wiki 12. Katika waliofundishwa kula vyema, karibu theluthi walitoka katika maradhi, lakini katika waliopewa mazungumzo ya kirafiki tu, ni asilimia 8.

Fundisho ni kwamba hakuna kidonge kimoja wala kikombe kimoja chenye kufuta huzuni. Penye faida, imeonekana zaidi katika sahani nzima na katika desturi ya kila siku. Na wengi wa watu hao waliendelea na matibabu yao walipokuwa wakibadili chakula.

JARIBIO LA KILIMANJARO

Hatuna haja ya kwenda Ulaya kwa kila mfano. Mwaka 2025 watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uholanzi walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kaskazini ya Tanzania, katika nchi ya Kilimanjaro, kwa vijana wa kiume 77. Wa shamba, waliozoea vyakula vya asili, walilishwa chakula cha kizungu kwa wiki mbili: soseji, chipsi, mikate meupe. Wa mjini waliozoea vyakula hivyo wakarudishwa kwenye vyakula vya asili. Kundi la tatu walikunywa mbege kwa wiki moja, ile pombe ya Wachaga itengenezwayo kwa ndizi na kimea cha ulezi.

Wiki mbili ni muda mfupi, lakini damu yao ilibadilika. Wale wa shamba walionyesha dalili za mwili kuwaka ndani kwa ndani, kana kwamba unapigana na adui asiyeonekana, na kinga yao ikalegea. Walioshika chakula cha asili, na wale wa mbege, walionyesha kinyume chake: moto ule wa ndani ulipungua.

Jaribio hilo lilipima damu, halikupima huzuni. Lakini linatuhusu, kwa sababu imeonekana kwamba baadhi ya watu wenye maradhi ya huzuni huwa na dalili za moto huo katika damu yao. Nasi wa Arua na Koboko tumo katika safari ile ile: watoto wetu waacha enya na mboga ya majani ya kunde, wakimbilia chipsi na soda, nasi twaona fahari kwamba tumeendelea.

KWETE SI DAWA YA MAWAZO

Hapa najua askari fulani atakunja gazeti na kusema, "Mwalimu ameniruhusu kwete." Ngoja kwanza, Afande.

Kwete hutengenezwa kwa ustadi. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku mbili tatu uchache, kisha hukaangwa, ndipo huchanganywa na maji na kimea, huchacha tena na kuchujwa. Bakteria rafiki wamo, ni kweli. Na akina mama wengi wamesomesha watoto kwa kwete. Kazi yao haifai kudharauliwa.

Lakini kileo nacho kimo. Kileo huleta usingizi wa haraka, kisha hukuamsha saa nane za usiku mawazo yakiwa mengi kuliko yalivyokuwa jioni. Mtu akinywa ili asahau yale aliyoyaona vitani, huyasahau kwa saa tatu na kuyalipa kwa siku tatu. Kwa mwenye maradhi ya huzuni kileo ni mafuta juu ya moto, na kwa ndugu anayemeza dawa za maradhi hayo ni hatari zaidi. Mama mjamzito asiguse kabisa. Anayetaka faida ya uchachu na autafute katika maziwa na uji, ambavyo havilevyi.

Enya na kisra navyo ni vyakula vyema, lakini tuelewe: moto wa jikoni huua bakteria. Uchachu wa unga wa muhogo una faida nyingine kubwa, kwamba kuchacha na kukauka vyema hupunguza sumu iliyomo katika muhogo mchungu. Basi mama asifupishe siku za kuchachusha kwa sababu ya haraka ya soko.

MAZIWA YA MGANDO NYUMBANI

Haya yawezekana hata katika chumba kimoja cha kambini, bila friji.

Kwanza, chemsha maziwa mpaka yatokote. Usiamini maneno kwamba maziwa mabichi yana nguvu zaidi. Hayo huleta maradhi ya homa yatokayo kwa ng'ombe, ambayo huchosha viungo kwa miezi. Pili, yaache yapoe hata uweze kutia kidole kilichooshwa na kuhesabu kumi bila kuungua. Tatu, kwa kila lita moja tia vijiko viwili vya maziwa ya mgando ya jana yaliyo safi, au ya dukani ambayo kibandiko chake kinasema yana bakteria hai. Koroga taratibu. Nne, funika, zungushia blanketi, uyaache usiku kucha, yapata saa nane hadi kumi na mbili. Asubuhi yatakuwa yameganda. Yanywe siku hiyo au ya pili yake, na bakiza vijiko viwili vya mbegu.

Watu wengi wazima ambao maziwa matamu huwavuruga tumbo huyaweza maziwa ya mgando, kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari yake.

Uji wa kuchacha, ambao Watanzania huuita togwa, na ambao una ndugu yake kule Kigezi aitwaye bushera, hupikwa hivi. Pika uji wa wimbi au mahindi kama kawaida, uache upoe uwe vuguvugu. Tia vijiko viwili vya unga wa kimea cha wimbi na kikombe kidogo cha uji wa jana. Funika mpaka kesho. Uwe na uchachu mwepesi na harufu safi. Ukiuacha siku nyingi utaanza kulevya. Katika miaka ya 1990 watafiti huko Tanzania waliona kwamba watoto walionyweshwa uji wa namna hii walikuwa na vijidudu vichache vya kuharisha. Hata hivyo mtoto asiyetimiza miezi sita apewe maziwa ya mama peke yake.

Usitumie dumu lililokuwa na mafuta ya taa au dawa ya shambani, hata ukiliosha mara kumi. Nafaka yenye ukungu itupwe. Kuchacha hakuondoi sumu yake yote. Maziwa yakiota rangi ya waridi au ya kijani, au yakinuka uozo, mwaga. Na mgonjwa aliyedhoofika sana amwulize mganga wa hospitali kwanza.

Jambo moja zaidi: tuache desturi ya kununua vidonge vya kuua bakteria dukani kwa kila mafua. Vidonge hivyo havichagui. Huua adui na mlinzi pamoja.

Chakula hiki huweza kuleta fedha pia. Mwaka 2004 akina mama wa Mabatini, mjini Mwanza, wakishirikiana na watafiti wa Tanzania na wa Kanada, walianza jiko la kutengeneza yogati yenye bakteria rafiki na kuiuza mtaani. Hapa Uganda shirika la Yoba for Life, lililoanzishwa mwaka 2009, limewafundisha wachuuzi wadogo kutengeneza yogati kwa mbegu kavu ifungwayo katika vipakiti. Vikundi vya wake wa askari vyaweza kujifunza kwao.

DALILI ZA KUTAZAMWA

Sasa nirudi kwenye deni langu. Mawazo ya siku mbili tatu ni ya kila mwanadamu. Lakini ikiwa mtu, kwa wiki mbili au zaidi, hana furaha hata kwa yale aliyoyapenda, usingizi umemkimbia au umemzidi, hana hamu ya kula, hujiona hana maana, hasira zake hazina sababu, au anataja kufa, huyo ni mgonjwa. Mpeleke kituo cha afya, kama ungempeleka mwenye malaria. Hospitali ya Rufaa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili. Anayetaja kujiua asiachwe peke yake hata saa moja, na silaha, kamba na dawa za sumu ziondolewe karibu naye.

Msaada si vidonge tu. Katika kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp, hapa hapa West Nile, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki jaribio ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2020. Waliopewa mafunzo waliketi pamoja mara tano, wakasikiliza maelezo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, wakatazama kitabu cha picha, wakajifunza namna ya kuyabeba mawazo mazito bila kuangushwa nayo. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Miezi mitatu baadaye wanawake hao walikuwa na dhiki ndogo ya nafsi kuliko wenzao ambao hawakuhudhuria. Kama wakimbizi waliopoteza nyumba na watu wao waliweza kuketi na kufundishana, sisi wa kambini twashindwa na nini?

Nawe Afande, huzuni si woga. Mguu ukivunjika huoni haya kutembelea gongo. Mficha maradhi kilio humwumbua, na katika nyumba ya mwenye bunduki kilio hicho huwa cha jamaa nzima.

Kwa akina mama wenzangu, endeleeni kuchachusha maziwa na uji. Wekeni maharage, kunde, mbaazi na mboga za majani katika sahani, maana hao bakteria rafiki nao wahitaji posho yao. Leteni kikombe cha mgando kwa jirani mwenye uso mzito. Lakini ukishampa kikombe, keti. Muulize amelala vipi. Msikilize mpaka mwisho, hata yale usiyotaka kuyasikia.

Jirani yangu bado hunijia asubuhi na bakuli lake kuomba mbegu ya mgando. Juzi alinitania akasema, "Mwalimu, leo nimekuja kwa ajili ya tumbo tu." Tukacheka wote wawili. Kisha nikamwuliza habari za usingizi wake, naye akanijibu.